Niliapa Kuficha Maumivu ya Mume Wangu Mpaka Binti Yetu Aolewe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Mheshimiwa mshauri wetu, Maalim Uledi, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu pokea na shikamoo yangu, kwa kuwa naamini umenitangulia kwa umri na kwa elimu, nami nakuja kwako kuomba msaada katika jambo lililoninyima utulivu hata ndani ya sala, na kama nitakuwa na maneno mengi uniwie radhi, maana jambo lenyewe sijalisema kwa mtu yeyote na sijui namna ya kulisema kwa ufupi.

Mimi ni mwanamke wa Magomeni, umri wangu umepita miaka sitini, nasomesha watoto wa kike madrasa hapa nyumbani kwangu tangu kichwa changu hakijaingia mvi, na mume wangu, Mbaruku, ni mfanyabiashara wa Kariakoo, anauza kanzu na kofia za kushona kwa mkono, duka liko chini barabarani na stoo iko ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo, ambalo lifti yake ipo kwa jina tu. Mwenyezi Mungu ametujaalia mtoto mmoja, Najma, tuliyempata wakati watu walishaacha kutuombea, na Ijumaa hii inayokuja, baada ya sala ya Alasiri, ndiyo siku ya nikahi yake, wageni wa Tanga wameshaanza kuingia, wapishi wameshagawana vyungu, na mimi mwenyewe ndiye niliyehimiza mambo haya yamalizike ndani ya Shaabani kabla Ramadhani haijatukuta.

Mambo yalianza kidogo kidogo, Maalim. Mume wangu akipanda ngazi kwenda stoo husimama katikati, hushika kifua, hupumzika, kisha maumivu hutulia naye huendelea, na nilipomuuliza alisema ni gesi, nasi watu wa nyumba hii gesi tunaijua na tumezeeka nayo, kwa hiyo nikamchemshia tangawizi, nikampunguzia maharage, nikamnunulia ile dawa ya unga inayotoa povu kwenye maji, na kila akicheua alinitazama akasema umeona, si nilikwambia, nami nikaridhika kwa sababu nilitaka kuridhika.

Pale Kariakoo duka letu limepakana na la Bi Daksha, mjane wa marehemu Shashikant, Mhindi anayeuza vifungo, zipu na nyuzi, na yeye na mume wangu ni watani wa siku nyingi, hawapishani bila kurushiana neno. Juma lililopita alimkuta mume wangu amekaa juu ya robota la vitambaa, akamtania kwamba wageni wa harusi wanakuja na baba wa bibi harusi ameanza kutafuta pa kujificha, mume wangu asijibu, na kutojibu huko ndiko kulikomtia mwanamke yule hofu, akanipigia simu.

“Mama Najma, mimi nimemtania mzee hajanijibu,” aliniambia. “Anatoka jasho la baridi na feni inampuliza. Marehemu wangu alikaa hivi hivi, sisi tukampa soda ili acheue. Mpeleke hospitali.”

Sijavaa buibui vizuri, mume wangu akaingia mlangoni, amejileta mwenyewe kwa bajaji, uso wake una rangi ya majivu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema anahisi kama amewekewa lile robota kifuani, na kwamba uzito ule unapita bega la kushoto na kushuka mkononi, kisha unapanda mpaka kwenye taya, akadhani jino la nyuma limeanza tena, na mimi, Maalim, mwanamke mzima niliyesoma, niliposikia jino nikaenda jikoni kutafuta karafuu nimtie kwenye jino. Akatapika kidogo, nikamkanda mgongo, nikasoma nilichojaaliwa kukisoma, na baada ya muda uzito ule ukaondoka, akatawadha, akasali Alasiri akiwa amekaa.

Aliposalimu kushoto na kulia hakuinuka. Akanitaka nimwapie.

Nilimuuliza nimwapie nini. “Kwamba hutamwambia jamaa, wala jirani, wala daktari, mpaka Najma awe ameolewa,” akasema. “Mimi nikilazwa tu, wazee watamsimamisha Twaha. Na mwanangu haozwi kwa ulimi wa Twaha.”

Hapa sina budi kukueleza huyo Twaha ni nani. Ni mdogo wake mume wangu, baba mmoja mama mmoja, na nyumba hii tunayokaa waliachiwa na marehemu baba yao. Walipoigawa hawakupatana, wakapitisha ukuta wa matofali katikati ya ukumbi, sisi huku na yeye kule, na tangu ukuta huo uinuke salamu zao hupitia kwa watoto. Sisi hatuna mtoto wa kiume, na babu wa Najma hayupo tena duniani, kwa hiyo mume wangu anajua kwamba akikosekana yeye, walii wa Najma, mwenye haki ya kumwozesha, ni baba yake mdogo. Mzee huyu yuko radhi abebe robota kifuani kuliko kumsikia ndugu yake akisema nimekuozesha binti yetu.

Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, nikiwa na udhu, mbele ya msala wake, na Bi Daksha aliponiuliza mzee ameambiwaje hospitali nikamjibu kwamba anaendelea vizuri, jibu ambalo si uongo wala si kweli.

Tangu siku hiyo maumivu yamerudi, mara akipanda ngazi, na jana yalimshika akiwa ameinama kutawadha tu, hakupanda popote wala hakubeba kitu. Mimi nawafundisha mabinti wa watu kwamba kiapo si mchezo, na kwamba mke hatoki nje ya amri ya mumewe katika yaliyo halali, sasa nakaa mbele yao nikisomesha somo hilo huku nasikiliza chumbani kama mume wangu anapumua. Nikisema, nimevunja kiapo cha Mola wangu, nimemwasi mume wangu, na huenda nimeivuruga harusi ya mwanangu pekee mbele ya wageni waliotoka mbali. Nikinyamaza, sijui. Nimeona kukuandikia wewe si kuvunja ahadi, kwa kuwa wewe si jamaa yetu, si jirani yetu, wala si daktari. Naomba uniambie: je, huu ni moyo au ni gesi, na kama ni moyo, naweza kusubiri mpaka Ijumaa ipite?

Ni mimi, Zena, wa Magomeni.


JIBU LA MAALIM ULEDI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Wa alaykumu ssalaam, Bi Zena, na marahaba.

Wasomaji wafahamu kwanza kwamba barua hii haikusubiri zamu yake ya kuchapishwa. Iliingia asubuhi kwenye simu ya safu hii, niliisoma mara moja, na kabla ya kuirudia nikampigia mwandishi wake. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia kwa mdomo, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa Daktari Sophia, bingwa wa maradhi ya moyo, kwa sababu mimi ni mtu wa fikihi na sikutaka kusema juu ya mwili wa mtu kwa kukisia. Majina yamewekwa kwa idhini ya mume mwenyewe, aliyesema kwamba aliyeficha hana haki ya kufichwa.

Bi Zena, nitakukemea kwanza, kwa kuwa una elimu, na mwenye elimu hukemewa zaidi.

Umepata mlango wa kuniandikia mimi, mzee wa gazetini, kwa hoja kwamba si jamaa, si jirani wala si daktari. Hoja hiyo ni ya mtu hodari wa kusoma masharti. Lakini ungelitumia uhodari huo huo kutafuta ruhusa ya kumwokoa mumeo, ungeliipata katika somo lile lile unalowafundisha mabinti. Umesahau nusu ya somo. Tumefundishwa kwamba mwenye kuapa juu ya jambo, kisha akaona jingine lililo bora kuliko hilo, na alifanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara yenyewe unaijua: kulisha maskini kumi chakula cha wastani mnachokula nyumbani kwenu, au kuwavisha, na asiyeweza hayo hufunga siku tatu. Sheria iliyoweka kiapo ndiyo iliyoweka njia ya kukitoka. Haikuwekwa njia hiyo kwa ajili ya watu wapuuzi; imewekwa kwa ajili ya saa kama yako.

Ama utiifu kwa mume, huo una mpaka, na mpaka wake ni pale anapoamrisha madhara. Mtu hana mamlaka ya kuuangamiza mwili aliopewa amana, basi atakuwaje na mamlaka ya kukuamrisha wewe umsaidie kuuangamiza? Ukinyamaza hapo humtii. Unashirikiana naye.

Na ule uwalii uliomfanya achukue kiapo chako, amekosea hata katika hesabu yake mwenyewe. Uwalii wa baba haumwondoki kwa sababu amelazwa. Baba akiwa na akili zake, akiwa kitandani, akiwa na sindano mkononi, bado ndiye walii, na wazee hawawezi kumsimamisha mtu mwingine juu yake. Akitaka huozesha hapo hapo kitandani, akitaka humteua wakili akaozesha kwa niaba yake, na wakili huyo humchagua yeye. Jambo linaloupeleka uwalii kwa Twaha bila kumuuliza Mbaruku ni moja, nalo ni Mbaruku kufa. Mumeo alikuwa akikimbia ulimi wa nduguye kwa kuielekea njia pekee inayofika huko.

Haya nilikwambia kwa ufupi zaidi siku ile. Nilipokuuliza mgonjwa yuko wapi, ulinijibu kwamba amekwenda Kariakoo kuteremsha kanzu za bwana harusi na wasindikizaji wake kutoka stoo. Nikakwambia ufunge simu, umfuate, umpeleke hospitali kubwa yenye idara ya dharura, na usipitie duka la dawa wala zahanati. Ukaniuliza, “Na kiapo, Maalim?”

Nilikujibu kwamba kiapo kina kafara, kifo hakina.

Wasomaji, mwanamke huyu baada ya hapo hakuzubaa. Alimpigia Bi Daksha akiwa njiani, akamwambia ukweli wote, na Bi Daksha akapanda ngazi na umri wake ule, akamkuta Mzee Mbaruku amekaa kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, mzigo wa kanzu ubavuni, jasho limelowesha kofia. Bi Zena alipofika, mumewe alimtazama akamwambia neno moja tu, kwamba umeapa.

“Niliapa, na kafara nitatoa,” akajibu. “Twende.”

Alitaka kuinuka ateremke kwa miguu yake. Wakamkatalia, na hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu moyo uliokosa damu hautakiwi kufanyishwa kazi hata ya ngazi za kushuka. Wachukuzi wawili wakaleta kiti cha plastiki, wakamkalisha, wakambeba. Mtaa ulikuwa umejaa mikokoteni na watu waliotandaza bidhaa mpaka katikati, gari la Bi Daksha haliwezi kusogea, ikabidi abebwe mpaka barabara kuu kwenye teksi, na Bi Daksha akatangulia mbele ya kiti akiamrisha watu wapishe, wengine wakimuuliza kwa mzaha anampeleka wapi mzee huyo kama sultani. Mzee mwenyewe aliona haya, akainamisha uso. Ndipo Bi Daksha akageuka akamwambia, “Kaa vizuri, Baba Najma. Leo wewe ndiye bibi harusi.” Safari hii alimjibu. Alimwambia amtafutie shela.

Mlangoni mwa hospitali hawakueleza habari za gesi wala za harusi. Walisema maneno niliyomwagiza Bi Zena kwenye simu: mzee huyu ana maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi na kwenye taya, na yamekuwa yakirudi. Kwa maneno hayo alipitishwa mbele ya waliokuwa wakisubiri, akabandikwa nyaya kifuani, na kipimo kikaonyesha kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo damu umeziba. Madaktari wakauzibua kwa mpira mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa wa mkononi. Yu hai. Lakini Daktari Sophia hakunificha, nami sikufichi, Bi Zena: sehemu ya misuli ya moyo wake imekufa na haitarudi. Ingelikuwa ndogo zaidi, au isingelikuwapo kabisa, kama angelifika siku ile alipokaa ukingoni mwa kitanda na wewe ukaenda kutafuta karafuu. Sikuandikii hili ili nikuumize. Nakuandikia ili mwanamke mwingine anayesoma gazeti hili, ambaye tangawizi yake iko jikoni inachemka, aizime.

Sasa nawageukia wasomaji wote. Namna ya kuujua ugonjwa huu, kama nilivyoelezwa na daktari, ni hii. Mara nyingi hauji kama kisu. Huja kama uzito, au kubanwa, au kukandamizwa katikati ya kifua, na uzito huo ukidumu zaidi ya dakika chache, au ukaondoka ukarudi, ni dharura. Waweza kusambaa kwenye mkono, hasa wa kushoto, lakini hata wa kulia, kwenye bega, mgongo, shingo au taya, mtu akadhani ni jino. Huenda pakawa na jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi fupi, kizunguzungu, na hofu isiyo na sababu inayoonekana. Maumivu yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika ni onyo, na yakianza kukujia bila kufanya kazi yoyote, kama yalivyomjia Mzee Mbaruku akitawadha, onyo limekwisha, hiyo ni dharura. Kucheua hakuthibitishi kwamba ni gesi, maana hata mwenye moyo mgonjwa hucheua. Nanyi wanawake, msidhani maradhi haya ni ya waume zenu peke yao: kwenu huenda yakaja kwa uchovu wa ghafla usio wa kawaida, kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au ya taya, na kifua kisiume sana. Mwenye kisukari naye aweza asisikie maumivu makubwa.

Likitokea hilo, mgonjwa akae, asitembezwe, asiendeshe gari mwenyewe wala asipakiwe bodaboda. Kama gari la wagonjwa laweza kupatikana kwa haraka, liitwe. Kama haliwezi, basi gari lolote lililo karibu, hata la mtu msiyesemezana naye. Apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye idara ya dharura. Akiwa hana mzio wa aspirini, hatokwi na damu tumboni, na daktari hajamkataza, atafune kidonge kimoja njiani, lakini msichelewe kuondoka kwa kukitafuta. Akianguka asiitike na asipumue vizuri, mtu mmoja amkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha mpaka msaada ufike. Dua isomwe, na isomwe garini. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba dua haipokelewi ndani ya gari.

Mtu ataniuliza, je, tukifika ikaonekana kweli ni gesi? Basi mtarudi nyumbani mkicheka, na hakuna aibu katika hilo. Daktari Sophia ameniambia kwamba hamchukii mgonjwa aliyekuja na gesi. Anayemsikitikia ni yule aliyekuja kesho yake.

Nimalizie na wewe, Bi Zena.

Nilimzuru mumeo wodini. Aliniuliza habari ya uwakili kwa sauti ndogo, nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu, kisha akamteua imamu wa msikiti wenu amwozeshe Najma kwa niaba yake, mbele yangu na mbele ya bwana harusi. Twaha hakumteua. Twaha mwenyewe alikuja, akasimama karibu na mlango, wakaulizana hali kwa maneno machache, akaondoka. Usilisukume jambo hilo, na wala usiruhusu jamaa walisukume kwa kisingizio cha harusi. Miaka yote wao wawili walikuwa wakigombana kana kwamba wakati hauishi. Juma hili mmoja wao ameona ukingo wake. Waache; ndugu aliye hai hupatanishwa.

Nikahi ifungwe Ijumaa kama ilivyopangwa, na sherehe iwe fupi, ngoma isipigwe karibu na chumba atakachopumzika akirudi. Dawa alizopewa atazimeza kila siku hata akijihisi mzima, na asiziache kwa ushauri wa jirani, wa muuza mitishamba, wala wangu mimi. Ngazi za stoo zimemwishia mpaka daktari aseme vinginevyo. Kofia na kanzu zishushwe duka la chini, au ziteremshwe na wachukuzi. Ukifika mfungo, asifunge kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa kuwa mgonjwa amepewa ruhusa, na ruhusa ya Mwenyezi Mungu haikataliwi kwa kiburi cha ibada. Maumivu yakirudi, iwe mchana au usiku, usimwombe idhini wala usiningojee mimi. Ondokeni.

Kafara yako itoe baada ya harusi, kwa maskini kumi, na wale chakula kilekile cha nyumbani kwenu, si makombo ya wageni. Kisha rudi kwa mabinti zako, uwasomeshe lile somo la kiapo, na mara hii ulimalize.

Mwenyezi Mungu amponye mumeo uponyaji usioacha ugonjwa nyuma yake, authibitishe moyo wake uliobaki katika afya na katika ibada, aibariki ndoa ya Najma kwa mapenzi na huruma, akulinde wewe kwa ulimi ulioufungua, na aizungushie rehema nyumba yenu yote, upande huu wa ukuta na upande wa pili. Na wewe msomaji, Mola akuhifadhi pamoja na wote ulalao nao chini ya paa moja. Amin.